Spesa za Mtani Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo habari yenyewe haieleweki. Nikiletewa salamu, nauliza ni nani mwingine aliyekuwepo zilipotumwa. Nikirudishiwa jembe nililoazimisha, naligeuza kuona kama mpini ni uleule. Mke wangu alikuwa akisema kwamba nikipewa zawadi nauliza imetoka wapi kabla ya kusema asante. Kwa hiyo pikapu yangu ilipoanza kutetemeka, sikuhangaika sana kutafuta ubovu. Nilitafuta mtu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambapo kupata tairi jipya kulitaka barua, kujuana na bahati. Nilikuwa naishi karibu na Tinde. Nilipakia mchele na karanga Shinyanga mjini, nikapita Kahama na Kharumwa mpaka Geita, nikarudi na dagaa. Juu ya magunia walipanda watu, wengi wao akina mama wenye watoto wachanga mgongoni, maana mabasi yalikuwa ya kusubiri siku mbili. Tairi likichomoka kwenye mwendo, wa kwanza kurushwa ni wao. Nililijua hilo kila nilipowasha gari.

Tairi zangu zilikwisha mpaka nyuzi zikaonekana. Geita nikapata nne pana, pamoja na ringi zake, kwa mtu aliyekuwa akiwauzia wachimbaji vifaa. Zilitoka kwenye gari kubwa kidogo kuliko langu. Matundu ya bolti yalikubali, lakini za mbele zilikuwa zinasugua vyuma vya stelingi kila nikikata kona, na harufu ya mpira uliochomeka ikaingia mpaka ndani. Dawa yake ilijulikana na kila dereva: spesa, yaani bamba nene la duara, lenye matundu ya bolti, linalokaa kati ya ringi na habu, kitovu cha gurudumu, ili tairi lisogee nje. Madukani hazikuwepo. Ilibidi zikerezwe.

Wa kuzikereza nilimwona mmoja tu. Alikuwa fundi wa mashine ya kukereza katika kiwanda kimoja cha pamba, Mzaramo aliyekuja Shinyanga akiwa kijana, akaoa na kuhamia kabisa. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, basi tulikuwa watani, kama walivyokuwa babu zetu tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anakusema vibaya mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Anakuvua kofia kichwani akaondoka nayo na huidai. Kukasirika ndiyo aibu. Kwa miaka kumi yule bwana aliniita mla michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, mchunga ng'ombe aliyepotea njia akaingia kwenye gari. Mimi nilimwambia watu wa kwao wakisikia ngoma huacha jembe limesimama katikati ya tuta. Tulipendana sana, na sidhani kama tuliwahi kuongea dakika tano kwa maneno ya kawaida.

Alizikereza spesa zangu Jumamosi mchana, baada ya kazi, kwa kipande cha chuma kilichokuwa kimelala nyuma ya karakana. Meneja alijua kwamba mafundi wake hufanya kazi za watu saa hizo, na yeye mwenyewe alikuwa amekerezewa bawaba za geti. Fundi alibadilisha bolti za mbele akaweka ndefu, akapachika spesa, akavalisha tairi gari likiwa juu ya jeki, akakaza nati kwa kurukaruka, huku moja, ng'ambo ya pili moja. Alipomaliza alinitupia spana miguuni.

"Sikiliza, mla michembe," akasema, na vijana wa karakana wakasogea kusikia. "Hiyo mikono yako ya kukamulia maziwa usiilete kwenye nati hizi. Na kama mkono unakuwasha, basi inua gari kwanza, tairi lining'inie, halafu urukeruke kama mnavyoruka kwenye ngoma zenu. Ukizunguka zunguka kama ng'ombe wa kupura mpunga, gari litakucheza wewe."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikamjibu kwamba mtu wa kwao aliyezoea kuendesha matenga ya nazi hawezi kumfundisha Msukuma gari. Tukaagana.

Safari ya kwanza gari lilitulia kabisa. Nilifika Tinde jioni nikiwa na raha, nikamsifu fundi mbele ya mke wangu. Asubuhi, kabla sijapakia watu, nikafanya nilichokuwa nafanya kila asubuhi ya maisha yangu ya udereva: nikachukua spana, nikachomeka bomba kwenye mpini wake, nikalegeza nati zote na kuzikaza upya. Nilianza ya juu, nikashuka kwa mzunguko, nati moja baada ya nyingine, nikisimama juu ya bomba kwa uzito wangu wote mpaka chuma kilie. Gari lilikuwa limesimama chini, na mzigo wake mgongoni. Sikuwa namwamini mtu aliyekaza nati jana, hata kama mtu huyo nilikuwa mimi.

Kati ya Tinde na Kahama greda lilikuwa limepita juzi yake, barabara imelala safi. Nikakanyaga mafuta. Mshale ulipofika sabini, usukani ukaanza kunung'unika mikononi. Kwenye themanini ukatikisika mpaka kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu, na mama mmoja huko juu akagonga paa kwa kiganja. Nikapunguza mpaka hamsini, kimya. Nikapandisha tena, tetemeko lilelile. Nilisimama nikazunguka gari mara tatu. Nati zote zilikuwa zimekazwa sawasawa, na zaidi.

Nilipofika nyumbani toka Geita, nikaanza uchunguzi wangu. Nilihamisha tairi za nyuma nikazileta mbele: tetemeko halikupungua. Kwa hiyo si tairi. Nikatoa spesa, nikarudisha tairi zangu za zamani zilizokwisha, nikajaribu kwenye barabara ile iliyopitiwa na greda: gari likatulia kama limelala. Kwa hiyo ni spesa. Nikazipima unene kwa uzi na kwa kucha, pembezoni kote, nikitafuta mahali palipopungua. Hapakupungua. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Kitu kibovu kinachoonekana kizuri, nilijiambia, kimefichwa na mtu anayejua kuficha.

Nikampelekea. Akazitazama, akapitisha kidole, akasema hazina kosa ila kosa lake ni kuolewa na Msukuma, akazifunga mwenyewe. Nikarudi Tinde, gari shwari. Asubuhi nikakaza nati zangu kwa bomba, nikaondoka, na kabla ya Kahama usukani ukaanza tena.

Mara ya pili nikampelekea. Mara ya pili akafunga. Mara ya pili likatulia siku moja.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya kazi kiliyoizoea. Akifunga yeye, linatulia mpaka nilale. Nikiamka, limeharibika. Kwa nini? Nilikumbuka kila utani wa miaka kumi na kuugeuza upande wa pili. Si alisema siku moja gari hili lina hadhi ya Mzaramo? Si alimwambia mke wangu kwamba nikifa atamrithi pamoja na pikapu? Si aliwahi kukaa kwenye kiti changu, akashika usukani, akasema, "Hapa ndipo pangu"? Nilikuwa nimecheka siku zote hizo. Sasa nilikaa barazani nikayapanga maneno yake mstari mmoja, na yalivyopangika yalinitisha.

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. "Baba watoto," akasema, "huyo bwana ndivyo anavyoongea na wewe. Angekuwa na nia mbaya angenyamaza."

"Mama watoto, wewe humjui."

"Namjua. Aliponiuguzia mtoto wetu hospitali mjini, alilala kwenye kibaraza siku nne. Wewe ulikuwa Geita."

Ilikuwa kweli, na nilikasirika kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikamwambia aendelee na mchele wake.

Nilimkuta fundi siku chache baadaye mjini, kwenye foleni ya petroli. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekaa juu ya madebe na kwenye boneti, hawana la kufanya isipokuwa kusikiliza. Nilimfuata sikusalimia.

"Umelifanyia nini gari langu?"

Alinitazama. Nadhani kwa nukta moja aliona kwamba uso wangu haukuwa wa utani. Lakini watu walikuwa wameshageuka kutazama, na mtani akiulizwa mbele za watu ana namna moja tu ya kujibu. Akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Leo nimeumbuka!" akapaza sauti. "Ndugu zangu, nakiri. Nimemwekea spesa mbovu makusudi. Nzuri nimepeleka kwetu zikawe mahari. Na chuma chenyewe nimekiiba kiwandani, kesho naiba mashine, keshokutwa namwiba meneja. Huyu akifa, gari ni langu, mke ni wangu, na michembe yake nampa mbwa!"

Foleni nzima ilicheka. Muuza petroli alicheka mpaka akamwaga. Mimi peke yangu sikucheka. Nilisimama pale nikihisi masikio yanawaka, na moyoni nikasema: amekiri.

Miaka ile ya misako ya wahujumu uchumi, neno hujuma lilikuwa halikai mdomoni bure. Mtu aliweza kupotelea kizuizini kwa mifuko miwili ya simenti. Sote tulijua. Mimi nilijua. Nataka hilo liandikwe hapa, maana nimewahi kujidanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiri njia nzima kutoka kituo cha petroli mpaka geti la kiwanda.

Meneja alinipokea vizuri. Nilimweleza kuhusu tetemeko, kuhusu akina mama juu ya magunia, na kuhusu fundi wake. Nilimwambia aliyoyasema, neno kwa neno: ameweka spesa mbovu makusudi, chuma amekiiba kiwandani. Karani alikuwa mezani pembeni, kalamu mkononi. Sikuongeza neno hata moja. Nilichoacha ni kicheko tu.

Meneja alimtazama karani, na nilimwona anahesabu ni watu wangapi wamesikia. Alijua kuhusu chuma kile. Alijua kuhusu bawaba zake mwenyewe. Lakini jambo likishasemwa mbele ya mtu mwenye kalamu, halirudi. Akaniambia, "Asante, bwana. Tutashughulikia." Nilitoka nikijisikia mtu aliyetimiza wajibu.

Wiki ileile fundi alisimamishwa kazi. Polisi walikwenda kwake wakapekua, wakakuta bisibisi, misumari ya zamani na cherehani ya mkewe. Walimweka siku mbili wakamwachia. Kazi hakurudishiwa. Nilisikia habari hizo nikiwa napakia, nikasema, "Kumbe!" kwa sauti ya mtu asiyehusika.

Spesa zilikuwa bado kwenye gari, kwa kuwa bila hizo nisingeweza kukata kona. Niliendesha kwa hamsini, kila asubuhi nikikaza nati kwa nguvu zaidi kuliko jana.

Safari iliyofuata, pancha ilinikuta nikiwa nimeshaingia Geita, eneo la Kalangalala, tairi la mbele kushoto. Fundi pancha wa pale alikuwa mtu mkimya wa makamo, aliyewahi kuendesha malori ya mgodi enzi mgodi mkubwa ulipokuwa hai. Aliziba, akarudisha, nikalala kwa mwenyeji wangu. Asubuhi nikaegesha mbele ya kibanda chake ili nimuage, nikatoa spana na bomba, nikaanza na nati ya juu.

"Acha!" Alipiga kelele mpaka nikaangusha bomba. "Unafanya nini wewe?"

"Nakaza."

"Hivyo? Gari likiwa chini?"

Alinisukuma pembeni kama mtoto. Akaenda tairi la kulia, ambalo yeye hakuwa amelishika, akaliinua kwa jeki. Akachukua jiwe, akaweka msumari juu yake, ncha ikielekea ukingo wa ringi, karibu kugusa. "Zungusha," akasema. Nikalizungusha kwa mkono. Ringi ilisogea mbali na msumari, kisha ikarudi, ikaukwaruza, tik. Ikaondoka tena, ikarudi. Tik. Tairi lilikuwa halizunguki katikati yake.

Alinieleza bila haraka. Zamani ringi yangu ilikuwa inakaa kwenye shingo ya habu, na shingo ile ndiyo iliyoiweka katikati, hata nikikaza kijinga. Sasa spesa imeifunika shingo. Kinachoiweka ringi katikati ni nati peke yake. Nikilegeza na kukaza gari likiwa chini, uzito wa gari unalivuta tairi upande mmoja, na nati ya kwanza ninayoibana mpaka mwisho inalifungia hukohuko. Kwa mwendo mdogo halionekani. Kwenye themanini linapiga kama nyundo.

Akalegeza nati zote, na nikaliona kwa macho yangu tairi likishuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Akazirudisha kwa vidole, akalitikisa tairi likae, akakaza kidogokidogo, moja huku, moja ng'ambo. Akazungusha. Msumari haukuguswa, na uwazi ulikuwa uleule pande zote.

"Spesa hizi zimekerezwa na mtu anayejua," akasema akifuta mikono. "Hakukwambia namna ya kukaza?"

Nilikaa chini kwenye tairi bovu. Aliniambia. Mtani wangu aliniambia mbele ya karakana nzima, inua gari kwanza, tairi lining'inie, halafu urukeruke, usizunguke. Niliposikia ukweli kutoka kwake nilicheka, na aliponifanyia mzaha nikaupeleka kwa meneja. Fundi pancha akadhani nina homa, akaniletea maji.

Nilirudi kwa mwendo wa themanini na tano na usukani haukutikisika hata kidogo. Sijawahi kuichukia barabara nzuri kama siku ile.

Nilipitiliza Tinde bila kusimama nyumbani, nikaenda moja kwa moja kiwandani. Meneja alinisikiliza, akasema anasikitika, barua imeshakwenda, na mashine ameshapewa mtu mwingine. Nilimwambia kuhusu msumari na jiwe. Alitazama dirishani. "Bwana," akasema, "wewe ndiye uliyeniletea maneno yale. Ungeniletea haya kwanza."

Fundi nilimkuta nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda anatia mpini kwenye kisu cha jirani. Nilianza na lililokuwa mazoea yetu. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti, "Hodi kwa mwizi wa mameneja!"

Aliinuka. Aliweka kisu chini, akajifuta mkono kwenye shati, akanipa.

"Karibu, bwana. Habari za safari?"

"Nzuri," nikasema. "Nimekuja..."

"Karibu ukae. Nyumbani hawajambo?"

Akanitolea kiti, chenye mgongo, akabaki yeye kwenye kigoda. Mkewe akaleta maji kwenye trei. Nilimweleza kila kitu, kuanzia bomba mpaka geti la kiwanda, na sikujificha. Alisikiliza macho yakiwa kwenye mikono yake. Nilipomaliza akasema ameelewa, na anashukuru kwamba gari limepona, watu wasiumie. Nilimwomba anitukane. Nilisema hivyo kabisa: nitukane, mtani. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtu wa serikali.

"Hapana, bwana," akasema. "Yamekwisha."

Baadaye alihamia Kharumwa, akawa anatengeneza mashine za kusaga za watu na vifaa vya wachimbaji. Nilikuwa nikipita pale kila safari na kusimama. Kila mara alinipokea vizuri, aliniuliza watoto, alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilimchokoza kwa kila neno nililolijua. Nilimvua kofia siku moja, nikaondoka nayo, nikitegemea atanifuata akipiga kelele. Niliporudi juma lililofuata nilimkuta amenunua nyingine.

Miaka michache mbele mama yangu mzazi alifariki. Kwetu watani wana kazi yao msibani. Wao ndio huingia wakicheka wakati wengine wanalia, wakailalia njia ya kaburini, wakasema marehemu ni mtu wao na hazikwi mpaka wapewe chochote, na wafiwa hucheka wakiwa na machozi. Ndiyo ruhusa yetu ya kuvuta pumzi. Nilimpelekea habari, na alikuja. Alisafiri kutwa nzima juu ya lori. Watu walipomwona anashuka wakaanza kutabasamu na kumpisha njia, na shangazi yangu mmoja akaficha sufuria kabisa asije akaibeba.

Alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, bwana," akasema. "Mungu amlaze mahali pema." Akaenda akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na wageni wa mbali.

Tulimbeba mama, na njia ilikuwa wazi mpaka kaburini. Mjomba wangu, aliyekuwa ameshika jeneza pamoja nami, akaninong'oneza, "Ng'wana wane, mwanangu, yule si Mzaramo?"

Nikamwambia ni Mzaramo.

"Sasa mbona yeye hatuzuii njia?"

Nilimwambia tuendelee kutembea.